Waliotembea Nuruni

Septemba 1929 daktari mmoja Mwingereza alifika Kampala akiwa hoi. Alitoka Gahini, mashariki mwa Rwanda, kwenye hospitali changa iliyotazamana na Ziwa Muhazi. Njaa kubwa, ile Wanyarwanda waliyoiita Rwakayihura, ilikuwa imepita hapo, na watu walifika mlangoni kwake wakiwa mifupa mitupu, wengine wakifa kabla ya kuandikwa majina. Daktari huyo, Joe Church, alikuwa na miaka 30. Alikuwa amechoka mwili, na imani yake ilikuwa imechoka zaidi ya mwili.

Jumapili asubuhi akapanda kilima cha Namirembe kwenda ibadani. Karibu na kanisa kuu akamkuta Mganda mmoja amesimama kando ya pikipiki yake. Ni Simeoni Nsibambi, mtoto wa ukoo wa machifu, mwenye kazi nzuri ya afya katika serikali ya Buganda. Wakaongea. Kila mmoja akagundua kwamba mwenzake anasumbuliwa na jambo lilelile: wote wawili walikuwa Wakristo wa kuheshimika, na wote wawili walijiona wakavu ndani. Siku mbili zilizofuata walikaa na Biblia, wakifuata mistari ya Roho Mtakatifu ukurasa kwa ukurasa, kisha wakapiga magoti pamoja.

Haifai kusema uamsho wa Afrika Mashariki ulianza siku hiyo, maana mambo ya namna hii hayana cheti cha kuzaliwa. Lakini mwulize mzee yeyote wa ushirika wa waliookoka, awe Bukoba au Murang'a, masimulizi atayaanzia kwenye pikipiki ile. Mimi nitamfuata, ila kwanza turudi nyuma kidogo, kwa sababu ukavu wa watu wale wawili ulikuwa na historia yake.

Ubatizo wenye cheo, 1877–1931

Wamishonari wa Kianglikana waliingia Buganda mwaka 1877. Miaka tisa baadaye vijana wa ikulu ya Kabaka Mwanga walichomwa moto Namugongo kwa sababu ya imani yao. Kuwa msomaji, kama walivyoitwa Wakristo wa kwanza, kulikuwa kuhatarisha shingo.

Mambo yaligeuka upesi. Vita vya dini vya miaka ya 1890 viliwaweka Waprotestanti madarakani, na Mkataba wa Uganda wa mwaka 1900 ukawagawia machifu ardhi. Ndani ya muda wa kizazi kimoja, jina la ubatizo liligeuka kutoka hatari likawa ngazi. Aliyetaka uchifu, shule au ukarani alihitaji kuitwa Yohana au Erasito. Watu walijaa makanisani na mioyo yao ikabaki ilipokuwa. George Pilkington, mfasiri wa Biblia ya Kiganda, aliliona hilo mapema. Mwaka 1893 alijitenga kisiwani Kome, Ziwa Victoria, akarudi akihubiri Roho Mtakatifu kwa moto mpya, na Buganda ikatikisika kwa muda. Pilkington akauawa mwaka 1897, na kanisa likarudia kuhesabu waliobatizwa.

Rwanda iliupata ugonjwa huo kwa kasi zaidi. Mwaka 1931 Wabelgiji walimwondoa Mwami Musinga, aliyeukataa Ukristo, wakamtawaza mwanawe Rudahigwa. Machifu wakamiminika misheni za Kikatoliki. Waprotestanti, waliofika kwa nguvu baada ya madaktari wawili wa Cambridge kuanzisha Misheni ya Ruanda mwaka 1921, walibaki kundi dogo pembeni. Uchache huo nadhani uliwasaidia, kwani kwao hapakuwa na cheo kikubwa cha kugombaniwa.

Waingereza hao walikuja na mzigo wao pia. John Wesley alikuwa amefundisha katika karne ya 18 kwamba Mkristo anaweza kufikia upendo mkamilifu hapahapa duniani, na mwaka 1766 akatoa kitabu juu ya jambo hilo. Kuanzia 1875, watu waliokutana kila mwaka mjini Keswick, Uingereza, waliyapunguza makali mafundisho hayo: jitoe kabisa, mwamini Kristo, naye atakupa ushindi juu ya dhambi. Ulikuwa utakatifu wa kimyakimya. Mtu wa Keswick alitubu chumbani, magoti yako chini kando ya kitanda, mlango umefungwa. Hiyo ndiyo mbegu iliyofika Gahini, na kule uwandani mlango ukafunguliwa.

Gahini, 1929–1936

Nsibambi aliacha kazi, akawa anazunguka Kampala akiwauliza watu kama wameokoka, wakiwemo makasisi. Inasimuliwa kwamba mmishonari mmoja alimlalamikia Church: umemfanya nini yule mtu, amerukwa na akili.

Huko hospitalini hali ilikuwa mbaya. Yosiya Kinuka, mkubwa wa wauguzi, alikuwa amechoshwa na kazi, na wazungu, na kila kitu. Church akampeleka Kampala akakae na Nsibambi. Kinuka alifika na mashtaka yake tayari: hospitali ni baridi, watu hawasikilizani, mambo hayaendi. Nsibambi alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamwambia kwamba shida iko moyoni mwake yeye Kinuka. Ni jibu la kuudhi, na Kinuka aliudhika. Lakini njiani kurudi Rwanda lilimkaa, na aliyefika Gahini alikuwa mtu mwingine. Alitubu mbele ya wenzake. Polepole daktari naye akaanza kuona kwamba ana ya kutubu: kiburi cha rangi, ukali, ile tabia ya kumpa mtu amri bila kumtazama usoni.

Hapa ndipo pana kiini cha historia hii yote. Kanisa Katoliki lilikuwa na kitubio mbele ya padri. Waanglikana walikuwa na sala ya kuungama inayosomwa na wote kwa pamoja, ambamo dhambi yako inazama ndani ya dhambi za umma bila mtu kuijua. Gahini ilizaa njia ya tatu: kumwambia ndugu yako, kwa jina lake, kile hasa ulichomfanyia. Wakaiita kutembea nuruni. Moyo safi, walisema, haumaanishi moyo usiokosea. Walimaanisha moyo usioficha.

Siku chache baada ya Krismasi 1933 palikuwa na mkutano. Ulipokaribia kufungwa, watu wameinamisha vichwa katika sala, Mkristo mmoja akasimama akaanza kuungama. Hakuitwa. Akafuata mwingine, na mwingine, wakati fulani wawili au watatu wamesimama kwa pamoja. Iliendelea kwa muda wa saa mbili na nusu. Mwaka 1935 timu ya Nsibambi, Kinuka, Church na Blasio Kigozi ilikwenda Kabale, na Kigezi ikawaka. Watu wa huko waliwaita Abaka, wanaowaka moto.

Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi, alikuwa mwalimu wa wainjilisti Gahini. Mwishoni mwa 1935 alijifungia wiki nzima akiomba, akatoka akiwaka. Alipanga kuzungumza mbele ya sinodi Kampala kuhusu ubaridi wa kanisa na watu wanaoendea meza ya Bwana huku wakiishi dhambini waziwazi. Hakufika. Homa ya papasi ilimshika, na tarehe 25 Januari 1936 akafariki. Neno lake moja, Zukuka, yaani Amka, likachukuliwa na kanisa zima kuwa wito wa jubilei ya miaka 60, mwaka 1937. Ni ajabu ya kanisa: lilimwogopa kijana akiwa hai, likaandika neno lake kwenye bendera alipokufa.

Katikati ya 1936 wimbi kubwa liliipiga Gahini. Watu walilia, walitetemeka, wengine walianguka chini, nyimbo zikaenda usiku kucha. Baadhi ya wamishonari walitishika. Wengine wakapiga magoti pamoja na wapishi wao.

Majembe, mayai na pombe

Waliotubu walitakiwa kutengeneza. Neno hilo, kutengeneza, lina uzito wake katika lugha ya ndugu, kama waliookoka walivyoitana: ukiiba jembe, unalirudisha jembe. Blanketi za hospitali zikarudi. Ng'ombe wakarudi kwa wenyewe. Maofisa wa serikali walijikuta mezani na mtu ambaye hakuna aliyemshitaki, akieleza wizi ambao hakuna aliyeugundua, na hawakujua wamwandike kwenye kitabu gani.

Festo Kivengere, mwalimu kijana wa Kigezi aliyeokoka mwaka 1941, alikuwa akimchukia Mwingereza mmoja. Dhamiri ikamsumbua. Akapanda baiskeli, akaendesha kama kilomita 80 kwenye barabara za milima ile, akagonga mlango wa mzungu, akamwambia kwamba alimchukia na kwamba sasa ni ndugu yake. Wakakumbatiana. Huo ulikuwa wakati ambapo Mwafrika alipokewa uani, na katika mengi ya makanisa yaleyale yaliyohubiri upendo mzungu na mweusi hawakula meza moja.

Nyumbani mageuzi yalikuwa makubwa kuliko kanisani. Katika Buganda na majirani zake mwanamke hakula kuku wala mayai. Waliookoka waliketi, mume na mke, wakala yai. Kwa jirani aliyechungulia, hilo lilikuwa dharau kwa mababu. Kwao lilikuwa ushuhuda uliopikwa. Walikataa pombe, hata ile ya kuwakirimu wanaosaidia kulima, wakakataa matambiko ya ukoo, wakakataa mke wa pili. Mzee wa boma aliyekuwa akimtegemea kijana wake kwenye matanga sasa alikuwa na kijana anayemhubiria. Tusijifanye hatuelewi kwa nini walichukiwa.

Mukono, 1941

Mgongano na kanisa lenyewe haukuchelewa. Katika chuo cha theolojia cha Bishop Tucker, Mukono, wanafunzi waliookoka waliamka saa kumi alfajiri kuomba na kuimba. Mchana waliwaambia wenzao, na walimu wao, kwamba chuoni kuna wizi, kuna uchafu, na kwamba mafundisho mengine yanapunguza damu ya Yesu. Mkuu wa chuo alipiga marufuku sala za alfajiri na mahubiri yao. Hawakutii. Oktoba 1941 wanafunzi 26 walifukuzwa, William Nagenda akiwa kinara wao.

Ukiwasoma pande zote mbili, unaona kila mmoja ana haki yake kidogo. Chuo hakiwezi kuendeshwa na wanafunzi wanaojua nani ameokoka na nani bado. Na kanisa lililovumilia ulevi wa machifu kwa miaka arobaini halikuwa na uso wa kuwafukuza vijana kwa kosa la kuomba mapema mno. Askofu Cyril Stuart alihangaika kuzuia mpasuko, na kwa sehemu kubwa akafaulu. Ndugu walikaa ndani ya kanisa. Nagenda hakuwahi kuwa kasisi, akawa mhubiri aliyesikilizwa Afrika Mashariki yote na, kuanzia 1947, Ulaya pia. Roy Hession wa Uingereza, aliyekuwa mhubiri mashuhuri na mkavu kama Church wa 1929, alikutana na ndugu hawa akatubu. Kitabu chake cha mwaka 1950 kilipeleka lugha ya Gahini kwa wasomaji wengi waliokuwa hawajawahi kulisikia Ziwa Muhazi.

Kuvuka mipaka

Mwaka 1937 timu ilifika Kabete, Kenya. Mwaka 1939 ilifika Katoke, chuo cha walimu kusini mwa Bukoba, na kutoka hapo moto ukaruka kwa Walutheri wa Buhaya. Wakati ulikuwa wa pekee: Vita vya Pili vya Dunia vilikuwa vimewaondoa wamishonari Wajerumani, na makasisi Wahaya walibaki na kanisa mikononi. Josiah Kibira, aliyeokoka mwaka 1947, alikuja kuwa askofu wa Bukoba, na mwaka 1977, mkutanoni Dar es Salaam, akachaguliwa Mwafrika wa kwanza kuongoza Shirikisho la Walutheri Duniani. Kivengere naye alihamia Dodoma kufundisha mwaka 1946, akajifunza Kiswahili cha kuhubiria ambacho baadaye kilijaza viwanja.

Wimbo wa Tukutendereza ulisafiri nao bila kutafsiriwa. Mzizi wake ni wimbo wa Kiingereza wa watu wa utakatifu, maneno ni ya Kiganda, na anayeuimba anaweza kuwa Mkikuyu, Mluo, Mgogo au Mhaya asiyejua Kiganda kingine chochote. Sijui wimbo mwingine uliovuka mipaka ya wakoloni kwa wepesi huo. Mei 1955, maaskofu wapya Waafrika walipowekwa wakfu Namirembe, Obadiah Kariuki na Festo Olang' wa Kenya walikuwa watu wa ushirika.

Kiapo, 1952–1956

Kenya ilitoa mtihani mgumu kuliko wote. Oktoba 1952 serikali ilitangaza hali ya hatari, na kwa Wakikuyu hapakuwa tena na mahali pa kusimama katikati. Ndugu, walioitwa Ahonoki, walisimama hapohapo. Walikataa kiapo cha Mau Mau wakisema wamekwisha kunywa damu ya Kristo na hawawezi kunywa nyingine. Walikataa pia bunduki za serikali walipotakiwa kujiunga na walinzi, kwa kuwa walioko msituni nao ni watu ambao Yesu aliwafia.

Msituni waliitwa wasaliti. Ofisini walionekana wajinga wasioaminika. Kadhaa waliuawa, wengine mbele ya wake na watoto. Ndani ya familia mambo hayakuwa mepesi: Kariuki alikuwa mkwe wa Chifu Koinange na mwanyumba wa Jomo Kenyatta, ndugu yetu wa kanisani upande huu, mfungwa wa Mwingereza upande ule. Historia ya taifa imewapa ndugu hawa nafasi finyu, maana hawafai katika hadithi ya mashujaa wala ya vibaraka. Kilio cha ardhi kilikuwa cha haki na wao, kwa kawaida, hawakukisemea. Hilo ni doa. Lakini mtu aliyekataa silaha za pande zote mbili, akijua zote mbili zitamrudia, huyo simwiti mwoga.

Mizani ya ndugu

Hatari ya utakatifu wa hadharani ni kwamba unapimika. Anayejua ulichoungama jana ataona usichoungama leo. Ushuhuda ulianza kuwa na fomula: nilikuwa hivi, nikaokoka tarehe hii, namsifu Bwana. Asiyeisema vizuri aliambiwa amepoa. Yatima wa kiroho wakaanza kuungama dhambi ndogo wasizozitenda, ili wakae.

Mwaka 1957 Abednego Matthew Ajuoga na wenzake, Wajohera, watu wa upendo, walijitenga na Waanglikana wa Nyanza na kuunda kanisa lao, wakiwatuhumu ndugu kwa kukosa hilo pendo wanaloliimba. Uganda, kundi la Abazukufu chini ya Yona Mondo liliona waliookoka wenyewe wamelala tena. Likapiga vita mikopo, mitindo ya nywele na mavazi ya kisasa, na kufikia miaka ya mwanzo ya 1970 ndugu waliokuwa wakilia kifua kwa kifua hawakusalimiana. Kilichoanza na mtu kujichunguza kikawa kupima urefu wa gauni la mwenzake.

1977 na 1994

Moto haukuwa umezimika hata hivyo. Janani Luwum, Mwacholi aliyeokoka Januari 1948, alikuwa Askofu Mkuu wa Uganda wakati maaskofu walipomwandikia Idi Amin kupinga mauaji. Tarehe 16 Februari 1977 aliuawa. Siku chache baadaye Kivengere, wakati huo askofu wa Kigezi, alivuka milima usiku kwa miguu pamoja na mkewe Mera hadi Rwanda. Uhamishoni aligundua kwamba moyo wake umejaa chuki, akatubu kama alivyofundishwa, na mwaka huohuo akatoa kitabu ambacho jina lake linatamka kwamba anampenda Idi Amin. Waganda wengi waliokuwa wakizika waliona jina hilo ni gumu kumeza.

Kisha Aprili 1994. Rwanda, nchi ya Gahini, ambako Mhutu na Mtutsi walikuwa wameoshana miguu miaka ya 1930, iliua watu 800,000 au zaidi katika siku 100, wengine wakiwa ndani ya makanisa walimokimbilia. Walikuwepo waliookoka waliowaficha jirani zao, wakafa pamoja nao. Walikuwepo pia waliookoka walioshika panga. Askofu mmoja wa Kianglikana alishitakiwa mbele ya mahakama ya Arusha, akafariki kabla ya kesi kusikilizwa.

Wanahistoria wa kanisa wameuliza imekuwaje, na jibu ninaloliona zito kuliko mengine ni hili: ndugu walijifunza kuungama jembe, uongo, uzinzi na sigara, lakini ukabila haukuingia kikamilifu kwenye orodha. Mwaka 1959, mapinduzi yalipowatoa Watutsi kwa maelfu, wengi wa ndugu walikimbia au walinyamaza, na waliobaki walikubaliana kwamba siasa si ya ushirika. Chumba kimoja cha nyumba kilibaki bila taa. Makosa madogo yaliungamwa kila Alhamisi kwa miaka 35 huku kosa kubwa likikaa pale pale, limevaa nguo za kawaida.

Alhamisi alasiri

Ushirika ungalipo. Ukiingia siku hiyo katika moja ya nyumba wanamokutania ndugu upande wa Kagera, utakuta benchi, mkeka, akina mama sita au saba na wazee wawili. Hakuna mimbari wala kipaza sauti. Anayeongoza anauliza Bwana amesema nini wiki hii, kisha kimya, kimya kirefu ambacho mgeni hutamani kukivunja kwa kukohoa.

Nilipokaa mara ya mwisho, aliyesimama alikuwa bibi mwenye kitambaa cheupe kichwani, mkono mmoja umeshika ukuta. Alisema kwamba Jumanne mtoto wa jirani alikuja kuomba chumvi, naye akamwambia imekwisha. Haikuwa imekwisha. Ilikuwa kwenye kopo juu ya kabati, na mtoto aliliona kopo. Asubuhi ile, kabla ya kuja, alikuwa ameipeleka chumvi na kumwambia mama wa mtoto kwamba alidanganya. Akaketi. Wengine wakaanza kuimba.